Sugu

Gitaa lake la kwanza lilikuwa na nyuzi tano.
Wa sita ulikatika kabla Rhonda hajazaliwa
na baba yake, fundi matairi wa Paducah,
hakuona sababu ya kununua mwingine.
Akajifunza kuliruka lile pengo
kama unavyoruka kidato kibovu cha ngazi ya kwenu,
gizani, bila kufikiri.

Nilikaa nyuma yake miaka kumi na tisa.
Mpiga ngoma huona mgongo.
Najua jasho lilianzia wapi kwenye shati la matamvua,
najua bega lililopanda kabla ya sauti ya juu;
uso wake niliuona kwenye mabango, kama ninyi.

Maonyesho ya kilimo, ndama wakinuka nyuma ya turubai.
Baa ya Tulsa iliyotulipa mbavu za nguruwe.
Kisha ule wimbo mmoja, wa friji,
aliouandika kwenye mashine za kufulia za sarafu
akingoja soksi zetu zikauke.
Ukapanda hadi nafasi ya thelathini na moja,
ukakaa huko wiki mbili kama paka mtini,
ukashuka.

Nashville walimtaka peke yake.
Bwana mmoja mwenye viatu vya ngozi ya mamba
alimwambia gitaa alishike tu,
wapo wa kulipiga.
Akarudi kwenye basi, akavua hereni, akasema,
"Joplin tunaanza saa ngapi?"

Ngoma ikivuma sana hupasuka, wanasema.
Yetu haikupasuka. Ililegea.
Terrell akapata mtoto, Boyce akapata Mungu,
mimi nikapata kiuno,
basi likanunuliwa na mfuga kuku.

Jumanne nilipeleka gari kwake, duka lile lile la baba.
Alinisalimu kwa mkono wa kushoto,
wa kulia umeshika spana,
na nikazigusa ncha za vidole.
Ngumu. Ngumu kama punje za mahindi makavu.

Miaka minane hajapanda jukwaani,
na sugu hulainika kwa miezi, kila mpigaji anajua.
Sikuuliza. Alipandisha gari kwa jeki,
akanilaumu kwa jinsi ninavyofunga breki,
akanipunguzia dola sita.

Nyuma ya kaunta, kati ya rimu mbili,
shingo ya mbao ilikuwa imechomoza.
Nilihesabu nyuzi, nikahesabu tena.
Tano.