Hatua Arobaini

Hasmukh anapanga visanduku juu ya kioo
kama mcheza karata anayejua tayari atashinda.
"Hii ya kasi," anasema. "Punje mia na kumi tu,
ncha kama sindano. Mbugani, mita mia tatu,
swala anaanguka kabla ya kusikia mlio."

Sitaki ya mbugani.
Niendako ni juu ya Ngaramtoni,
ukungu wa Meru unakolala hadi saa nne,
na mti husimama nyuma ya mti mwenziwe
kama watu kwenye foleni ya sukari.
Huko pongo unaona sikio kwanza,
kisha ule mstari mweupe wa shingoni,
kisha humwoni.

"Hatua ngapi?"
Arobaini. Sitini, nikijaliwa mwanya.

(Lugha yetu ina neno moja, risasi,
kwa madini na kwa kile kiuacho.
Mafundi betri wa Unga Limited
huiyeyusha ya kwanza kwenye sufuria kuukuu
wala hawaiwazi ya pili.)

Baba mdogo Ndelilio alinunua zile za kasi
mwaka niliomaliza darasa la saba.
Bei nafuu, alisema. Risasi ni risasi.
Dume lilisimama karibu mno,
nililisikia likitafuna.
Mlio. Majani yakatikisika.
Risasi ilipasuka begani, juu juu, kama yai,
isifike kule ndani ilikotumwa.
Tukafuata damu: tone kwenye kangaga,
tone kwenye jiwe,
kisha povu la rangi ya waridi,
kisha mvua, ikafuta hesabu yote.
Tochi ilikufa saa tatu usiku.

Alfajiri tulilikuta kando ya kijito.
Fisi walikuwa wametutangulia.
Baba mdogo alichokoa vipande kwa kisu,
akavihesabu kiganjani, kumi na vinne,
akavitia kwenye kopo la kahawa.
Kopo lilikaa juu ya kabati hadi anazikwa,
ubavuni mwa Biblia,
na mama mdogo hakuthubutu kulifuta vumbi.

Kwa hiyo nipe nzito, Hasmukh.
Punje mia na themanini, pua butu kama ya kiboko,
ncha laini, madini yakichungulia
nje ya koti lake la shaba.
Iende taratibu; kwa umbali huo kasi ni kelele.
Ifunguke kama uyoga, isivunjike,
itokee upande wa pili
iniachie njia ninayoweza kuisoma.

"Na hii inapasua vichaka," ananiongezea, akitabasamu.

Haipo ipasuayo vichaka.
Kijiti cha unene wa kalamu huigeuza yoyote.
Unangoja mwanya. Mwanya usipokuja
unashuka mlima, unakula maharage,
mkeo anakucheka.

Anainama, anatoa kisanduku cha rafu ya chini,
anakipuliza vumbi.
Anasoma leseni yangu pande zote mbili,
anasoma kibali, anaandika namba kwenye daftari
kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kuchapwa kwa mwandiko.
"Ishirini?"
Kumi. Nane za gunia la mchanga kule machimboni,
hadi bega lizoee na jicho likome kufumba.
Kibali ni cha mnyama mmoja.
"Zinabaki mbili."
Moja ya kumaliza, nikikosea.
Hasmukh hatabasamu tena. Anahesabu chenji.

Nje, Kaloleni inapiga honi, inakaanga chipsi.
Kisanduku mfukoni ni kizito kuliko umbo lake,
kinavuta koti upande mmoja.
Ng'ambo ya barabara mwanamke anauza ndizi.
Navuka kwenda kwake, na miguu,
bila mimi kuituma, inahesabu.
Thelathini na nane.
Kabla sijaanza kuvuka nilikuwa nimeshaiona pete yake,
uzi mwekundu uliofumuka begani kwa kanga,
na jinsi alivyopiga miayo
bila kujua anatazamwa.