Bahari ya Lita Sitini

Vioo nilivitoa kwenye kabati la maandazi
la marehemu shangazi, Barabara ya Kumi na Mbili.
Vilikuwa bado na alama za vidole vya watoto
waliochagua: hilo, siyo lile, lile kubwa.
Nilivisugua kwa siki. Alama moja ilikataa.
Nikaiacha.

Fundi Shekalaghe alivikata bure,
silikoni akanitoza elfu kumi na mbili,
akasema, usitie maji kabla ya siku saba.
Nikatia siku ya nne.
Baada ya mkeka kulowa nilinunua silikoni nyingine,
na safari hii siku nilizihesabu kwa vifungo
juu ya cherehani, kimoja kila asubuhi.

Mbelwa, mume wangu, aliegemea mlango:
"Bahari iko Raskazone, dakika kumi kwa baiskeli,
ya Mungu, haina risiti.
Wewe unaishonea suti ya vioo?"

Sikumjibu. Jibu lilikuwa refu.
Nimezaliwa Tanga, nina miaka hamsini na mitatu,
na bahari naijua kwa juu tu,
kama mtu anayemjua jirani kwa paa lake.
Kuogelea walifundishwa kaka zangu.
Mimi nilishika viatu vyao.

Madumu matatu, yaliyooshwa hadi yakasahau alizeti,
niliyajaza maji yalipokupwa na kurudi,
nikayachuja kwa shuka,
nikaikokota baiskeli hadi nyumbani.
Kipimo cha chumvi sikukiweza bei.
Nilichukua bomba la kalamu, nikaliziba kwa nta,
ndani kipande cha chubwi,
nikalielesha baharini kwenyewe, na pale maji yalipokoma
nikachora mstari kwa rangi ya kucha.
Hiyo ndiyo kemia yangu yote:
maji hupaa, chumvi haiendi popote.
Kalamu ikipanda, naongeza kikombe cha maji ya mvua.

Kisha nikatupia kamba mmoja mbichi, aoze.
Ndivyo inavyoanza, waliniambia, kwa uvundo.
Majirani walikuja kuangalia samaki.
"Wako wapi?"
"Bado wanajengewa."
Wiki tano nzima nikitazama maji matupu.

Hapana, nasema uongo. Wiki ya pili sikuvumilia.
Vijana wa Sahare waliniuzia kitatange, elfu mbili,
wa manjano kama bizari.
Jumatano alielea ubavu.
Mjukuu wangu Riziki akauliza kama tutamkaanga.
Nilimzika chini ya mpilipili,
nikarudi kushona sare za shule,
na kila kola niliyogeuza niliiona ile manjano.

Lililobaki ni jiwe, ukubwa wa boga,
nililoliokota likiwa limekufa, nikidhani limekufa.
Wiki ya sita, usiku, nililimulika tochi:
unyoya mwekundu ukachungulia tunduni, ukarudi.
Mdudu mwenye miguu mingi akavuka kwa haraka
kama mwenye deni.
Na kaa mdogo, mpangaji ndani ya gome la konokono,
akasimama, akanitazama, akaendelea na shughuli zake.
Sikununua hata mmoja.

Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku,
pampu ya hewa ikanyamaza.
Nilishika pampu ya baiskeli, nikapuliza
hadi bega likafa ganzi, nikasinzia juu ya cherehani.
Saa tisa nikaamshwa na sauti: fss, fss.
Mbelwa, kwa fulana, mpira umezama majini,
tochi ya simu mdomoni.
Alipogundua ninamwona akaitoa.
"Yule mwekundu," akanong'ona,
"mwanga ukiwa mdogo, hajifichi."
Nikanyoosha mkono nipokee zamu.
Akatikisa kichwa:
"Usinipotezee hesabu. Mia nne na kumi na moja."