Soksi ya Bibi Zdzisława

Bibi, hiyo soksi itoe ukutani.
Mwezi jana niliitoa, ukasema ahsante,
ukanimiminia chai, ukashika kifungo cha blauzi yako
kutafuta bahati, kama tufanyavyo hapa Bytom
tukimwona mfagia dohani.
Leo tundu la hewa limezibwa tena,
sufi ya kijivu, imeshindiliwa hadi kisigino.

"Baridi inaingia," unasema. Inaingia, kweli.
Nje ni nyuzi kumi na nne chini ya sifuri
na makaa ya mawe yanakula pensheni yako.
Sikatai.

Lakini tulifunzwa penye moshi pana moto,
tukalala tukidhani pasipo moshi pana amani.
Huyu hana moshi. Hana harufu, hana rangi,
hapigi hodi.
Vitabuni ni kaboni monoksidi; nyumbani
huitwa uchovu, huitwa supu ya jana,
kichwa kizito kidogo, ngoja nijilaze.

Kaka yangu Witold alisema ni mafua.
Tulipovunja mlango wa bafu
maji ya moto yalikuwa bado yanatiririka,
mashavu yake mekundu
kama ya mtoto aliyetoka kucheza theluji.
Mama akayagusa. Akasema, mbona mzima.

Basi. Sikuja kuhubiri.
Nimekuja na kidude hiki cheupe,
nakipigilia karibu na kitanda, betri mpya.
Soksi naitia mfukoni mwangu.

Usiku wa Jumatano, saa tisa, simu:
"Njoo umchukue mdudu wako!
Anapiga mayowe, paka yuko chini ya kabati,
nimemfunika kwa mto na hanyamazi!"
Bibi, fungua dirisha.
"Kwa baridi hii?"
Fungua. Toka. Gonga kwa kina Halemba, gonga kila mlango.
Simu ikakatika.

Nilipanda paa pamoja na zimamoto.
Tofali lililopasuliwa na barafu
lilikuwa limeanguka ndani ya dohani,
limekaa pale kooni
kama neno ambalo mtu hakulisema.

Nikashuka. Jengo zima lilikuwa ngazini, limejifunika mablanketi,
watoto wa Halemba wakitapika ndooni, wakilia,
na kilio chao kilinifurahisha, Mungu anisamehe.
Wewe ulikaa ngazi ya chini,
koti juu ya gauni la kulalia, paka kifuani,
mguu mmoja mtupu.

Nikaitoa mfukoni, nikakupa.
Ukaivaa polepole, ukainusa mkono.
"Hukuifua," ukasema.