Mishale

Mjomba Kibwana, akihesabu boliti dukani Gerezani:
"Miaka saba Mlimani, unachora mishale.
Nani atainunua?"

Sina bei. Nina daftari,
na kibarua cha miezi mitatu, ofisi ya maji.

Bomba hadi mita, mshale.
Mita hadi ankara, mshale.
Bomba hadi ndoo za Bi Siwatu, Tandale,
ndoo hadi ankara: njia ya pili,
nayo yapasa ifike palepale.

Haikufika.

Nilikesha, umeme umekatika,
nikaunga, nikafuta, nikaunga,
mpaka nikaliona pengo:
mita moja, nyumba mbili.

Mkataba umeongezwa. Miezi sita.
Mjomba kaja na karatasi, nimchoree stoo:
boliti na nati, kila moja na mwenzake.

Namtajia bei.
Anajifanya hasikii.