Matuta

Mjini tuta ni la kupunguza mwendo,
au mpira umefika dakika mia na ishirini
na kipa anatemea mate glavu zake.
Hayo ndiyo matuta niliyoyajua mimi,
mkazi wa ghorofa ya tatu, Upanga,
mwenye friji linalonguruma usiku kama lina kesi.

Mboga kwangu ilikuwa sauti.
Saa kumi na mbili na robo: "Tembeleee! Mchicha! Mnafuuu!"
nami nateremsha kikapu kwa kamba, mia tano ndani,
Mfaume anaweka fungu, anavuta kamba mara mbili.
Miaka sita namjua kwa utosi.

Jumanne moja kikapu kikapanda kitupu.
Jumatano vilevile.
Ijumaa mlinzi wa geti ndiye aliyenipa habari:
bajaji, pale Jangwani, mguu uko kwenye plasta.
Nikampigia. Pole, pole sana, na mboga je?
"Mimi si mboga, dada. Mboga ni Sikudhani."
Akanielekeza Kinyerezi, ushuke bondeni,
uulizie mama mwenye keni mbili za bluu.

Kwao walimwita Sikudhani
kwa kuwa mama yake hakudhani atazaa tena.
Nami, haki ya Mungu, sikudhani.
Sikudhani mchicha una mizizi myekundu.
Sikudhani tembele halina mbegu ya kupanda,
unachomeka kikonyo ardhini, kikubali au kikatae.
Sikudhani mtu huinama hivi tangu alfajiri,
keni huku, keni huku,
na kisima kiko kule nyuma ya migomba,
kisha akakwambia karibu
kama mtu uliyechelewa tu,
si mtu ambaye hajawahi kuja.

"Tuta zima," alisema, "namuuzia elfu nane."
Nikapiga hesabu. Mimi mhasibu, siwezi kujizuia.
Tuta mafungu hamsini, fungu mia tano:
elfu ishirini na tano!
"Mbona Mfaume anakula mno?"
nikauliza, kama niliyemkamata mwizi.
Sikudhani akacheka mpaka akaziweka keni chini.
"Umehesabu na matope ya Jangwani?
Na yale mafungu yanayonyauka saa tano
akaishia kuwapa mbuzi wa Ilala?
Na mguu, umeuhesabu?"

Sikuwa nimeuhesabu.

Tangu hapo mambo hayajanyooka sana.
Nakusanya oda za ngazi nzima.
Mama Kessy wa chini anataka majani ya maboga,
Bwana Jivraj anataka giligilani, tena yenye mizizi yake.
Juzi mvua ililifunga bonde, tukala maharage siku nne,
wakaninunia kana kwamba mawingu nimeyafuga mimi.
Tuta sasa ni elfu kumi na tatu, natuma kwa simu,
na Mfaume, mguu ungali juu ya stuli,
ndiye anayepanga nani apelekewe nini.
Anaijua milango yote,
majina yote,
ya watu niliopishana nao ngazini miaka sita.
Anachukua chake. Hakuna aliyetajirika.

Ila jioni, simu.
Mara ya kwanza nilidhani pesa hazijafika.
"Umelipikaje?" anauliza Sikudhani.
Lipi? Tembele. Nazi au karanga?
Ndimu umeweka? Watoto wamekula
au wamelisogeza pembeni mwa sahani?
Naeleza. Naeleza mpaka vitunguu nilivyovikata.
Upande wa pili kimya, vyura wa bondeni tu,
kisha anasema:
"Miaka kumi na minne nalimwagilia.
Linaondoka gizani, juu ya baiskeli.
Hakuna aliyewahi kuniambia kama lilifika."