Kasma ya Kalvati

Saa mbili usiku, Mafinga. Ukungu umeshuka
mpaka madirisha ya hazina, umesimama kama mdai.
Tumebaki watatu: mimi, Kihwele wa mipango,
na birika la tangawizi lililopoa tangu magharibi.

Barua ya watu wa misitu ina mistari minne:
mwakani vibali vya kuvuna vitapungua kwa theluthi.
Haikutaja sababu. Sababu unaiona ukiwa barabarani:
mipaina iliyobaki ni mitoto,
bado imevaa matawi hadi miguuni,
na mti haurefuki kwa kufokewa.

Mbao ndizo zilizotulea.
Kila lori lililopita geti la ushuru liliacha chochote,
nasi tukapaka ukumbi rangi, tukanunua viti vya kuzunguka,
tukayaita makisio makisio
huku tukiyaamini kama posa iliyokwisha kupokelewa.

Kihwele anasoma, mimi nafuta.
Safari za mafunzo: nusu.
Chapati za vikao: zote. Watanuna. Wanune.
Taa za barabara ya Kinyanambo...
subiri. Binti yangu hupita pale akitoka tuisheni.
Nimeziacha.
Andika kwamba nilimfikiria binti wa kila mtu,
ingawa kusema kweli nilimwona mmoja.

Mama, kule Rungemba, ifikapo mwezi wa pili
alikuwa akichungulia kihenge, halafu hasemi kitu.
Hakuitisha kikao. Alibadilisha kibaba tu,
akachukua kile kidogo chenye mdomo uliopinda,
na sisi tukala tukidhani ni kile kile.
Wanasema haba na haba hujaza kibaba.
Hawasemi kwamba kwa mwendo huo huo
kihenge huisha.
Laiti ningeweza kuupunguzia mji kibaba usijue!
Lakini bajeti husomwa kwa sauti,
na spika za ukumbi wetu zina mwangwi:
kila unachokata, unakikata mara mbili.

Saa nne. Yamebaki mawili:
paa la zahanati ya Isalavanu
na kalvati la Bumilayinga.
Fedha ni ya moja.

Diwani Luhwago alikuja Jumatatu, buti mkononi,
akazitua juu ya meza yangu na tope lake lote.
"Hiki ndicho kiambatisho," akasema,
akaondoka na kandambili.
Watoto wa kwake huvuka kijito wameshikana mashati,
wa mbele akiteleza, mstari mzima unakaa chini.

Muuguzi wa Isalavanu hakuja. Angekuja saa ngapi?
Alituma karatasi ya daftari: ndoo saba,
na mahali kila moja inapotegwa mvua ikinyesha.
Ya tano iko katikati ya vitanda viwili vya wazazi.

Nikaandika paa.
Kihwele hakusema neno. Alifungua dirisha,
ukungu ukaingia, kana kwamba nao unataka kusoma.

Kasma ya kalvati ikabaki na sifuri.
Sasa, mfumo wetu haupendi sifuri:
ukiiacha hivyo, Julai kasma inajifuta yenyewe,
na atakayekalia kiti hiki baada yangu
hatajua kama kule bondeni kuna maji.
Basi nikaingiza shilingi elfu moja.
Hainunui saruji. Haimfikishi fundi hata nusu ya njia.
Mkaguzi ataizungushia kalamu nyekundu aniulize,
nami nitamwambia: hiyo si fedha, ndugu yangu, hicho ni kigingi.
Nimekichomeka hapo mahali pasipotee.

Kihwele amezima taa. Buti ziko chini ya meza,
tope limekauka, linamomonyoka lenyewe sakafuni.
Kesho nitazibeba mimi, kabla ya kikao,
nimkabidhi Luhwago nje, karibu na bomba,
na habari yake nimpe pale pale,
kwa mdomo wangu, bila spika.