Jina la Mwenye Mnyama

Nilimkuta chini ya meza ya cherehani
kabla sijafungua mnyororo.
Mvua ilikuwa imeitapisha mitaro ya Tandika usiku kucha,
naye amelalia mabaki ya sare za shule,
bluu na nyeupe,
nyeupe yenyewe imeshaacha kuwa nyeupe.

Mguu wa nyuma, wa kushoto, umefunuka
kama mfuko wa suruali uliopinduliwa.
Bodaboda, alisema Pazi wa maji.
Hata hakusimama.

Nikamimina kopo la vifungo, ndimo ninamoweka pesa.
Elfu kumi na nne na mia tano.
Kumi ni ya kikoba, Jumapili.
Mbili ya luku.
Iliyobaki ni ya uzi mweusi na chakula cha mchana,
na ilikuwa haitoshi
kabla ya mbwa.

Mama Shukuru aliacha chapati ikiungua ili aniambie:
Jana nilikudai mia tano, ukasema huna.
Ni kweli. Nilisema.
Sikuwa na la kumjibu, na bado sina.

Shangazi akapiga simu kutoka Mbagala,
sijui nani alimfikishia:
Mate ya mbwa, mwanangu. Mara saba, na moja kwa udongo.
Nikamwambia, shangazi, hapa kwetu
udongo ndio kitu pekee nisichokopa.

Bajaji ya kwanza ilikiona kiroba, ikaondoka.
Ya pili ilitaka elfu nne,
na moja zaidi ya kuoshea kiti.
Pazi akashusha madumu yake, yote sita,
akayapanga ukutani bila kunitazama.
Mlaze hapa, alisema. Mkokoteni hauna kiti.

Daktari Mgaya anauza chanjo za vifaranga.
Mimi ni wa kuku, alisema,
kuku, na mbuzi wa sikukuu.
Lakini alikuwa ameshavaa glavu.

Ganzi, sita.
Sindano ya kichaa, tano.
Vidonge, tatu.
Uzi sikuchaji, uzi ninao.
Hata mimi ninao, nikasema,
akacheka mpaka mbwa akainua sikio moja.

Nilisimama pale nikihesabu.
Mshono wa tatu ulikaa upande; nikanyamaza.
Wa sita sikuweza.
Umevuta sana, daktari, patakunjamana.
Akaniangalia. Akaufumua, akaurudia.
Mbwa alitutazama kwa zamu
kama mteja ambaye hajatajiwa bei.

Niliweka mezani elfu nane.
Akaziangalia, nami nikaliangalia koti lake,
mfuko unaning'inia kwa nyuzi mbili,
kola imechoka.
Vua, nikamwambia.
Na kama una suruali za kupunguza, lete.

Kisha akatoa kitabu cha risiti.
Jina la mnyama.
Akasubiri kidogo, akachora kistari.
Jina la mwenye mnyama.
Kalamu ikasimama.
Nje Pazi alikuwa anagonga gurudumu kwa jiwe.
Hana, nilitaka kusema,
hana mwenyewe, nilimkuta tu,
lakini ile nafasi ilikuwa ndefu,
ndefu kuliko hana.
Nikataja majina yangu matatu, kama benki.

Jumapili Sikudhani alifungua daftari la kikoba.
Mbona elfu mbili?
Nina mgonjwa.
Nani?
Mtu wa nyumbani, nikasema,
na ulimi haukunikwama.
Akanipa pole, akaniandikia faini ya mia tano.

Leo amesimama. Miguu mitatu iko chini,
wa nne ameukunja
kama pindo linalosubiri pasi.
Koti la daktari limening'inia msumarini, tayari,
naye amelala kivulini mwake.

Mteja wa blauzi amechungulia, hajaingia.
Huyu anauma?
Sijui, dada.
Tuna wiki moja tu.